MAKHAN SINGH: SINGASINGA ALIYEFUNGIWA MIAKA 11 KWA AJILI YA WAFANYAKAZI

Sitazunguka sana. Leo nawaletea habari za mtu ambaye wazee wa Nairobi wanamfahamu vizuri, lakini ukiwauliza vijana wa rika langu, iwe Arusha, Dar au Mombasa, wengi watakutumbulia macho tu.

Alikuwa Singasinga mwenye kilemba na ndevu zake, fundi wa kiwanda cha uchapaji. Hakuwa na jeshi wala mali. Lakini serikali ya mkoloni Mwingereza ilimwogopa kiasi cha kumweka kizuizini miaka kumi na moja na nusu. Kosa lake kubwa ni kuwaambia wafanyakazi wa rangi zote waingie chama kimoja, halafu akasema hadharani kwamba Afrika Mashariki iwe huru. Jina lake ni Makhan Singh.

ALIKOTOKA

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, huko Punjab. Siku hizo Punjab ilikuwa India chini ya Mwingereza, na leo sehemu ile iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi aliyekuja Kenya mwaka 1920 kufanya kazi reli, kama walivyokuja mafundi wengine wengi kutoka kwao. Baadaye akaacha reli na kuanzisha kiwanda kidogo cha uchapaji Nairobi.

Kijana mwenyewe alifika Kenya mwaka 1927, akiwa na miaka 13. Akasoma shule ya serikali ya Wahindi pale Nairobi, ile ambayo leo inaitwa Jamhuri High School. Mwaka 1931 akafaulu mtihani wa London, mtihani ambao kwa wakati ule haukuwa mchezo. Chuo hakwenda. Akaingia kwenye matbaa ya baba yake, akaanza kupanga herufi na kuchapa makaratasi ya watu.

Hapo tuelewane kidogo. Mtu anayefanya kazi matbaa anasoma kila kitu: vipeperushi, matangazo, taarifa za mikutano, malalamiko ya watu. Kila mwenye shida anayetaka isomwe na wengi anapita kwake. Nadhani ndiyo maana huyu bwana aliijua Nairobi ya mafundi na vibarua kuliko vijana wengine waliosoma naye.

NAIROBI YA RANGI TATU

Nairobi ile ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na mtaa wake, shule yake, hospitali yake na mshahara wake. Mhindi na vyake, chini ya Mzungu. Mwafrika chini kabisa, na tena mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kutembea na kipande, karatasi ya kumtambulisha iliyowekwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Asipokuwa nacho, anakamatwa.

Mpango huo ulimfaa sana mwajiri. Fundi Mhindi akilalamika, anaambiwa ashukuru, mbona Mwafrika anapata kidogo zaidi yake. Kibarua Mwafrika akilalamika, anaambiwa Mhindi ndiye anayemla. Basi wote wawili wanabaki kuangaliana kwa jicho baya, na bosi analala usingizi.

Katikati ya miaka ya 1930 Nairobi kulikuwa na chama cha mafundi wa Kihindi. Mwezi Machi 1935 wakamchagua Makhan Singh kuwa katibu. Alikuwa na miaka 21 tu! Mwezi uliofuata chama kikabadilisha jina na katiba. Lile neno la Wahindi likaondolewa, chama kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote bila kuuliza rangi wala dini. Mwaka 1937 wakapanua tena jina, ikawa Labour Trade Union of East Africa, kwa sababu waliona mfanyakazi wa Kampala na wa Nairobi wana bosi wa aina moja.

Nisiwadanganye kwamba siku ileile watu wa rangi zote walimiminika. Hapana. Miaka ya mwanzo wanachama walikuwa karibu wote Wahindi. Kufungua mlango ni jambo moja, na mtu kuamini kwamba ni mlango wake pia ni jambo jingine. Lakini ulikuwa wazi, na hiyo ilikuja kuwa na maana baadaye.

SAA NANE ZA KAZI

Mwaka 1936 chama kikaanza kampeni ya kudai siku ya kazi iwe saa nane. Mwezi Aprili 1937 mafundi wakagoma Nairobi, wakidai na nyongeza ya mshahara. Mgomo ule ulikwenda karibu miezi miwili. Hebu fikiria, miezi miwili hakuna mshahara, kodi ya nyumba inakuja, watoto wanataka kula.

Kingine cha kuangalia ni kwamba wengi wa waajiri waliogomewa walikuwa Wahindi wenzao, wakandarasi wa majengo. Walisali pamoja na kualikana harusini. Wakubwa wa jamii wangeweza kusema haya mambo ni aibu, tuyamalize kimyakimya kama ndugu. Makhan Singh na wenzake walishikilia kwamba undugu hauondoi haki ya fundi kulipwa jasho lake. Mwezi Juni waajiri wakalegea. Nyongeza ikatolewa, saa nane zikakubaliwa, na waliogoma wakarudi kazini. Mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kuandikisha vyama vya wafanyakazi, maana iliona jambo hili halitaisha kwa kulifumbia macho.

Mimi hapa inanigusa. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye duka moja la steshenari, la kutoa fotokopi na kuchapa kadi za harusi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa mbili au saa tatu usiku, Jumapili nusu siku. Tulikuwa watatu. Mwenzetu mmoja alikuwa ndugu wa mwenye duka, analipwa zaidi kidogo, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tunamchukia yeye. Bosi wala hatukumfikiria. Niliposoma habari za Nairobi ya 1937 nikacheka peke yangu, maana mchezo ni uleule, umebadilishwa tu wachezaji.

MOMBASA 1939

Mwezi Julai na Agosti 1939 Mombasa ikawaka. Vibarua wa Kiafrika wa idara mbalimbali waligoma, mpaka makuli wa bandarini wakaweka chini mizigo. Walidai mishahara na nyumba, kwa sababu kodi za vyumba zilikuwa zinakula karibu kila walichopata. Serikali ikaunda tume kuchunguza. Makhan Singh akaenda mbele ya tume kueleza hali ya wafanyakazi, wakati wale waliogoma si watu wa rangi yake na wengi hata si wanachama wake.

Mwaka huohuo mkutano mkuu wa chama ulihudhuriwa na Waafrika wengi, na viongozi wawili wa chama cha siasa cha Wakikuyu, Jesse Kariuki na George Ndegwa, wakaingia kwenye kamati. Mlango uliofunguliwa miaka minne nyuma sasa watu walikuwa wanaupita.

INDIA NA KUFUNGWA MARA YA KWANZA

Desemba 1939 akasafiri kwenda India. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeshaanza. Kule nako hakukaa kimya, akajiingiza kwenye harakati za wafanyakazi wa viwanda vya nguo Bombay na Ahmedabad. Mei 1940 Mwingereza akamkamata na kumweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Akakaa ndani mpaka 1942, halafu akaambiwa asitoke kijijini kwao mpaka mwanzoni mwa 1945. Alipokuwa huru akafanya kazi kwenye gazeti la Wakomunisti wa Punjab. Ndiyo, alikuwa Mkomunisti, na hakuwahi kulificha jambo hilo.

Sasa angalieni. Mwezi Agosti 1947 India ikapata uhuru, na Punjab yake ikakatwa vipande viwili, watu wakachinjana kwa ajili ya dini. Mwezi uleule Makhan Singh akarudi Kenya. Angeweza kubaki kwenye nchi iliyokwisha kumtoa mkoloni. Badala yake akarudi kwenye nchi ambayo mkoloni bado amekalia kiti.

Na alikuta moto. Januari mwaka huohuo wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mji mzima, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa na kupelekwa mbali mwezi Agosti. Septemba, huku kwetu, makuli wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma, na mgomo ukapanda na reli mpaka miji ya bara. Hayo hayakupangwa na mtu mmoja. Bei zilikuwa zimepanda baada ya vita na mishahara imesimama palepale, kwa hiyo pwani yote ilikuwa inachemka.

Serikali ya Kenya ikamwambia Makhan Singh aondoke nchini. Akakataa. Wakampeleka mahakamani, wakajaribu tena 1948 kumfukuza, ikashindikana. Jamaa akaendelea na kazi.

MWAKA WA 1950

Tarehe 1 Mei 1949, sikukuu ya wafanyakazi, vyama kadhaa vilikutana Nairobi na kuunda shirikisho moja, East African Trades Union Congress. Rais alikuwa Fred Kubai, kiongozi wa wafanyakazi wa usafirishaji, na Katibu Mkuu alikuwa Makhan Singh. Mwafrika na Mhindi, kwenye meza moja, mmoja si mtumwa wa mwenzake. Kwa Kenya ya wakati ule lilikuwa jambo la kumtoa mkoloni jasho. Serikali ikakataa kuliandikisha shirikisho hilo.

Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji, na sherehe kubwa ikaandaliwa. Shirikisho likawaambia wafanyakazi wasiende. Hoja yao ilikuwa rahisi: jiji ni la nani, wakati anayelijenga analala kwenye chumba kimoja na watu kumi?

Tarehe 23 Aprili 1950 ukafanyika mkutano mkubwa kwenye ukumbi wa Kaloleni, wa chama cha Waafrika wa Kenya na cha Wahindi kwa pamoja. Makhan Singh akasimama na kutoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Uhuru kamili, 1950! Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu vya kuongeza kwenye baraza la kutunga sheria.

Zilipita wiki tatu tu. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni kuongoza chama kisichoandikishwa. Kesho yake Nairobi ikasimama. Maelfu ya wafanyakazi waligoma zaidi ya wiki moja, na mgomo ukafika miji mingine. Walidai viongozi waachiwe, kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi, watu waache kukamatwa ovyo usiku, na Afrika Mashariki iwe huru. Polisi wakaja na mabomu ya machozi na magari ya deraya.

Mgomo ukavunjwa. Viongozi hawakuachiwa na shirikisho likafa. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu wengine wakisimulia historia hii hufanya kila mgomo uonekane umeshinda. Ule haukushinda. Lakini mkoloni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona, yaani Waafrika wamegoma wakidai Mhindi aachiwe.

MIAKA KUMI NA MOJA NA NUSU

Kesi yake ilipelekwa Nyeri, mbele ya Jaji Thacker. Huyu ndiye yuleyule aliyekuja kuwahukumu Kenyatta na wenzake kule Kapenguria mwaka 1953, na mmoja wa wenzake hao alikuwa Fred Kubai. Makhan Singh alisema wazi mahakamani kwamba Mwingereza hana haki ya kuitawala Kenya, na wa kutawala ni watu wa nchi yenyewe. Hakuomba msamaha wala kupunguza maneno.

Kwa kuwa kumfukuza kulishindikana, Gavana akaamuru akae mbali na watu. Akapelekwa Lokitaung, jangwani kabisa karibu na mpaka wa kaskazini, mahali ambapo baadaye Kenyatta naye alifungwa. Kisha Maralal. Kisha Dol Dol. Hali ya hatari ikatangazwa 1952, vita vya Mau Mau vikapiganwa, maelfu wakauawa na wengine kuwekwa makambini, yeye yuko ndani tu. Ghana ikapata uhuru 1957, yuko ndani. Kenyatta akaachiwa Agosti 1961, yeye bado yuko ndani!

Na mlango wa kutokea ulikuwapo. Mkoloni alikuwa tayari kumwachia kama atakubali kuondoka Kenya, arudi India. Kila mara alikataa. Hakutaka ionekane kwamba yeye ni mgeni aliyekuja kuvuruga watu halafu akaenda zake. Nairobi mkewe, Satwant Kaur, alibaki akilea watoto bila baba yao.

Akaachiwa Oktoba 1961. Kwa kizuizi cha miaka yote hiyo, alikuwa miongoni mwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya ya mkoloni waliofungiwa muda mrefu sana.

UHURU BILA KITI

Baada ya kutoka alijiunga na KANU. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Baadhi ya waliofungwa walipata uwaziri, ubunge, mashamba. Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote serikalini. Kwenye vyama vya wafanyakazi pia mambo yalikuwa yamebadilika. Tom Mboya alishakuwa jina kubwa, shirikisho lake lilisaidiwa na vyama vya nchi za Magharibi, na dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Marekani na Urusi. Mzee Mkomunisti aliyetoka jangwani hakuwa na nafasi kwenye hesabu hizo. Mwaka 1965 serikali ikaunda COTU na kuweka vyama vyote chini ya mwavuli mmoja unaoonekana vizuri kutoka Ikulu. Na sisi huku tusicheke, kwetu shirikisho la TFL lilivunjwa 1964 na kuwekwa NUTA.

Alifanya nini? Aliandika. Mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kikubwa cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya mpaka 1952. Alikuwa ametunza makaratasi kwa miaka mingi: barua, taarifa, vipeperushi. Kitabu cha pili kilitoka 1980, yeye akiwa ameshafariki. Makaratasi yake yako Chuo Kikuu cha Nairobi, na bila hayo mengi ya mambo haya tungekuwa tunabahatisha. Alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59.

SASA INATUHUSU NINI?

Nimeandika haya kwa sababu moja. Vijana tunaongea kama vile saa za kazi, likizo na ovataimu vilishuka na mvua. Havikushuka. Huku Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na zisizidi tisa kwa siku. Mimi nilikuwa napiga zaidi ya 70 pale steshenari na sikujua kwamba kuna sheria. Ukijua, bado uko peke yako. Mtu mmoja akimwonyesha bosi sheria anafukuzwa kesho yake, na vijana watano wanasubiri mlangoni kuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo Makhan Singh anapotufaa. Siku hizi hatugawanywi sana kwa rangi. Tunagawanywa kwa kabila, kwa dini, kwa nani ni ndugu wa bosi, nani ana mkataba na nani ni kibarua, nani mwenyeji na nani katoka Burundi au Kongo. Mlinzi anamdharau mfagiaji, wa ofisini anamdharau mlinzi, na wote watatu mishahara yao imecheleweshwa na mtu mmoja. Yeye alianza kwa kufuta neno moja kwenye jina la chama. Ikachukua miaka minne watu kuamini, na miaka kumi na mitano mpaka Mwafrika akagoma kwa ajili ya Mhindi. Mwenye haraka asianze.

Haya wadau, nimemaliza, nawaachia uwanja. Swali langu kwenu ni hili: hapo unapofanya kazi, ni nani ambaye mmeambiwa si mwenzenu? Tupeni habari zenu, majina ya mabosi yaacheni. Na kama kuna mzee wako aliyekuwepo bandarini au reli enzi zile za migomo, muulize kabla hajaondoka, kisha uje utusimulie.

Nawasilisha.